Kutafuta Pa Kuvua Baharini kwa Ramani za Kielektroniki: Kazi ya Kufanya Mbeya Kabla ya Safari

Mtu wa Mbeya anayekwenda kuvua baharini husafiri zaidi ya kilomita 800 kufika Dar es Salaam, na akiamua kupita Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi hadi Mtwara, safari haiwi fupi hata kidogo. Akifika pwani hukodi boti kwa siku, hulipia mafuta, kisha nahodha humwuliza swali moja tu: twende wapi? Mkazi wa pwani anaweza kujibu kwa kubahatisha leo na kujisahihisha kesho, lakini sisi wa nyanda za juu hatuna kesho hiyo, kwa kuwa tiketi ya kurudi imeshakatwa. Kwa sababu hiyo nimezoea kuifanya sehemu kubwa ya uvuvi wangu mezani, wiki mbili kabla ya safari, nikiwa na kompyuta na ramani ya bahari ya kielektroniki.

Ni vema ieleweke tangu mwanzo kwamba ramani hiyo haioneshi samaki. Inaonesha kina cha maji, umbo la sakafu ya bahari na aina ya udongo uliopo chini, na kutokana na hayo mvuvi hukisia mahali samaki walipo. Ukisio huo unasimama juu ya jambo moja, kwamba samaki wengi hukaa penye mabadiliko: maji mafupi yanapogeuka ghafla kuwa kilindi, mchanga unapokutana na mwamba, au mkondo unapobanwa kati ya mafungu mawili ya mchanga au miamba ukaleta vidagaa mahali pamoja. Uwanda mtupu wa mchanga wenye kina kilekile kwa kilomita nyingi haumpi chewa pa kujificha wala haumpi kolekole pa kuvizia. Kwa hiyo unaposoma ramani unatafuta mabadiliko, na kila kitu kingine ni nyongeza.

Ramani gani itumike

Ramani za kielektroniki ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ni picha ya ramani ya karatasi iliyoingizwa kwenye kompyuta. Ukiikuza, maandishi yake hukua na kuvurugika kama picha yoyote. Namna ya pili huhifadhi kila kitu kama taarifa inayojitegemea, yaani kila kina, kila mwamba na kila boya lina rekodi yake, na ukibonyeza alama ramani hukueleza ni kitu gani na kimetoka katika upimaji upi. Kwa mvuvi namna ya pili ina faida kubwa zaidi, kwa sababu unaweza kuondoa usichokihitaji na kubaki na vina na mistari yake.

Kwenye simu, wengi hutumia programu za kulipia kwa mwaka kama Navionics au C-MAP. Kwenye kompyuta ipo OpenCPN, ambayo yenyewe ni ya bure, ingawa ramani rasmi za kuingiza humo kwa pwani yetu hununuliwa. Ramani hizo zimekuwa zikitolewa kwa miaka mingi na ofisi ya upimaji wa bahari ya Uingereza. Ipo pia takwimu ya bure ya vina vya bahari zote za dunia inayoitwa GEBCO, lakini mraba wake mmoja una upana wa takribani mita 450, kwa hiyo hukuonesha vizuri mahali bara linapoishia na kilindi kinapoanzia, lakini mwamba wenye ukubwa wa kiwanja cha mpira haumo kabisa.

Kabla ya kusoma chochote, ingia kwenye mipangilio na uhakikishe kipimo cha kina ni mita. Programu nyingine huja zikiwa zimewekwa futi au pima, na pima moja ni mita 1.83, anayesoma 20 akidhani ni mita ilhali ni pima atashusha mshipi mfupi kwa mita 16 na kushangaa kwa nini chubwi, ile risasi ya mshipi, halifiki chini. Halafu pakua ramani yote ya eneo unalokwenda ukiwa bado nyumbani, kwa sababu mtandao wa simu hukatika ukiwa mbali na nchi kavu. Simu hupata mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti bila bando, lakini ramani isiyopakuliwa itakuonesha nukta ya buluu juu ya karatasi tupu.

Kusoma mistari ya kina

Hapa mtu wa nyanda za juu ana faida ambayo mara nyingi haijui. Aliyesoma jiografia ya shule anakumbuka kontua, na kontua za bahari ni zilezile, isipokuwa namba zake hupimwa kwenda chini badala ya juu. Fikiria mlima Kitonga kwenye barabara ya Iringa: kama ungeuchora, mistari ingebanana karibu igusane. Fikiria kisha uwanda wa Usangu, ambapo ungetembea nusu siku kati ya mstari mmoja na mwingine. Baharini mambo ni hayohayo. Mstari wa mita 20 na mstari wa mita 50 vikiwa mbali kwa kilomita tano, hapo pana mteremko mlegevu usio na la maana sana. Vikiwa mbali kwa mita 200 tu, hapo pana ukingo, na ukingo ndio ninaoutafuta kwanza.

Katika ukingo huo usiridhike na mstari ulionyooka. Tafuta mahali unapokunja: panapotokeza kama pua kuelekea kilindini, au panapoingia ndani kama korongo. Pua husimama katika njia ya mkondo, na maji yakigonga hapo hupanda juu yakibeba chakula. Korongo huwa njia ya samaki wanaopanda kutoka chini kuja kula kwenye maji mafupi. Baada ya ukingo, tafuta duara dogo la mistari lililojitenga, lenye namba ndogo kuliko zilizolizunguka, kwa mfano 18 katikati ya 40. Hicho ni kilima cha chini ya maji, na kikiwa cha mwamba huenda kikawa na samaki kuliko kilomita kumi za sakafu inayokizunguka.

Rangi nazo husaidia. Kwa kawaida kijani ni eneo linaloachwa wazi maji yakipwa, buluu iliyokolea ni maji mafupi, na weupe ni kilindi. Namba iliyopigiwa mstari chini yake, ndani ya kijani, si kina; ni kimo cha mwamba au fungu linapotokeza juu ya maji yaliyopwa kabisa. Nimeona watu wakiisoma kinyume, na kosa hilo huvunja boti.

Herufi zilizotawanyika kati ya namba hueleza sakafu: S ni mchanga, M ni tope, R ni mwamba, Co ni matumbawe, Sh ni makombe, na Wd ni majani ya baharini. Wanaoanza hawazitazami, na mimi naziona zina thamani kuliko namba zenyewe. Kina cha mita 30 chenye S upande mmoja na R upande wa pili kinakuambia kwamba mahali fulani kati ya herufi hizo mbili pana mpaka, na samaki aitwaye changu hupenda kuzunguka mpaka wa namna hiyo. Alama ya meli iliyozama nayo iwekee nukta, yaani alama yako ya pa kuvua, bila kusita, mradi haipo katika njia ya meli kubwa wala katika eneo lililokatazwa.

Nchi kavu ikusaidie kukisia maji

Somo hili nililijifunza ziwani. Ukisimama Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, upande wa mashariki unaona milima ya Livingstone ikitumbukia majini bila ufuko wa maana, na ukishusha kamba hapo kina huongezeka haraka sana. Ukigeukia magharibi, kwenye tambarare ya Kyela, mito ya Mbaka, Lufilyo na Kiwira imemwaga udongo kwa karne nyingi, na maji yake ni mafupi yenye tope. Mlima unaendelea chini ya maji, na tambarare nayo inaendelea. Mwenye kutaka kujizoeza apeleke kipima kina chake Matema kwa siku moja kabla ya kulipia boti ya baharini, maana ni karibu na gharama yake ni ndogo.

Pwani, kanuni hiyo hujitokeza vizuri kati ya delta ya Rufiji na kisiwa cha Mafia. Upande wa magharibi wa kisiwa, kuelekea delta, maji ni mafupi na mto hulisha tope humo. Upande wa mashariki sakafu huanguka kuelekea bahari kuu. Kwa hiyo anayetafuta jodari na sulisuli hatazami magharibi. Anafuata ukingo wa mashariki ambapo mistari ya mita 100 na 200 inakaribiana, na huko hurambaza, yaani huvuta chambo nyuma ya boti inayotembea. Nguru hupatikana kwa kurambaza karibu zaidi, kandokando ya miamba. Chewa na changu ni wa mshipi wa chini, kwenye mawe na matumbawe ya kina cha wastani. Kusini zaidi, visiwa vya Songosongo karibu na Kilwa vina miamba na mafungu mengi yaliyotengwa na milango ya maji, na kwa mtu mwenye boti ndogo ninaona ni mahali pazuri pa kujifunzia kuliko bahari kuu, kwa kuwa mabadiliko yako karibukaribu.

Kiasi gani cha kuiamini ramani

Ramani inayong'aa kwenye simu mpya inaweza kuwa na vina vilivyopimwa kwa bildi, yaani kamba yenye risasi, na watu waliokufa zamani. Upya wa programu si upya wa upimaji. Ndiyo maana ramani rasmi hugawa bahari katika maeneo kwa kiwango cha uhakika wake: daraja A1 ni la juu, ambapo mahali hukosewa kwa mita 5 tu, B hufikia mita 50, C hufikia mita 500, D ni baya zaidi ya hapo, na U maana yake hapajatathminiwa. Ukibonyeza eneo kwenye ramani ya namna ya pili taarifa hii hutokea. Niliwahi kupanga siku nzima kuzunguka kilima kimoja kizuri cha mita 16, tukakitafuta kwa saa mbili bila kukiona, na niliporudi nyumbani ndipo nilipobonyeza nikaona kimeandikwa D. Kwa hiyo katika eneo la C au D usiandike nukta. Chora mraba wenye upande wa kilomita moja au zaidi na uweke muda wa kuusaka.

Kosa linalofanana na hilo ni kukuza ramani kupita kiasi. Ukivuta kwa vidole hadi uone mita chache, programu itachora mistari laini ya kupendeza, lakini imekisia tu kati ya vipimo viwili vilivyo mbalimbali. Washa vina vyenyewe uone viko vingapi. Mstari wenye mapindo mengi unaopita mahali pasipo na namba hata moja ni pambo.

Kwa maji mafupi, linganisha ramani na picha za setilaiti. Picha za Sentinel-2 ni za bure, kila nukta yake ni mita 10, na setilaiti hupita mara kwa mara, kwa hiyo chagua siku isiyo na mawingu na isiyo na upepo. Maji yakiwa safi, miamba huonekana kama madoa meusi na mchanga kama weupe hadi kina cha mita kumi na zaidi. Mbele ya delta picha hizo hazifai, kwa kuwa tope huficha kila kitu.

Maji kujaa na kupwa

Ziwa Nyasa halina bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Kina kilichoandikwa kwenye ramani kimehesabiwa kutoka kiwango cha chini kabisa ambacho maji hufikia yakipwa, hivyo kwa kawaida maji halisi ni mengi kuliko namba. Kwenye pwani ya Tanzania tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua huzidi mita 3. Siku za maji mafu, zilizo kati ya bamvua moja na nyingine, hupungua sana. Jedwali la maji la siku zako lipo ndani ya programu nyingi, nawe lifuate kwa bandari iliyo karibu na unakokwenda.

Kwa kukadiria kati ya saa za jedwali, gawa tofauti kwa sehemu 12. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2 na ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya kwanza maji hupanda kwa sentimita 25 lakini saa ya tatu peke yake hupanda kwa sentimita 75. Hesabu hii inakupa na jambo la pili lenye faida: saa ya tatu na ya nne ndipo mkondo unapokuwa mkali zaidi, na katika milango myembamba mshipi wa chini hautakaa. Mimi hupanga milango kwa saa za mwanzo na za mwisho, na kuacha katikati kwa kurambaza. Siku za bamvua katika pwani ya Dar es Salaam maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, maana yake saa nne asubuhi yamekupwa. Anayeondokea ufuko mpana wa mchanga saa hiyo atasukuma boti.

Nje ya miamba, kwenye bahari kuu, mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima, ukilegea wakati wa kaskazi, pepo za kutoka kaskazini. Kwa sababu hiyo kwenye mwamba wa nje mimi huanza na pembe ya kusini, ile inayopokea maji kwanza, kisha ndipo nijaribu nyingine. Kuhusu majira, anayesafiri mbali asifunge safari katikati ya kusi, majira ya pepo za kusini, mwezi wa Juni au Julai, akiwa na boti ndogo; matlai, yaani majira kati ya kusi na kaskazi, na kaskazi yenyewe humpa siku nyingi zaidi za kutoka, ingawa utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe kila asubuhi bila kujali mwezi.

Kuandika nukta, na kosa langu la Kilwa

Chagua nukta zisizopungua kumi kwa siku moja ya uvuvi, uzipange kwa mstari wa safari ili boti isirudi nyuma, na kila moja uipe jina linaloeleza: kina, umbo, na saa ya maji unayoitaka. "Pua 35, maji yakianza kujaa" inakufaa. "Sehemu ya 4" haikuambii kitu ukiwa majini jua likiwaka. Zihamishe kwenda kwenye kifaa cha boti kwa faili la GPX, aina ya faili linalobeba nukta kati ya vifaa, badala ya kuandika kwa mkono.

Nasema hivyo kwa sababu mara yangu ya kwanza Kilwa niliandika kwa mkono. Nukta ilikuwa kwenye digrii 8 na dakika 57.5 kusini, nami nikaiingiza kama digrii 8.575. Dakika ni sehemu ya 60 ya digrii, si ya 100, hivyo namba sahihi ilikuwa 8.9583. Tofauti hiyo ni maili 23 za baharini, takribani kilomita 43, na nahodha, mzee wa watu, alitazama mshale wa kifaa ukielekea mbali kaskazini akaniuliza kwa upole kama leo tunakwenda Mafia. Kagua mpangilio wa digrii kwenye simu na kwenye boti, na uthibitishe kwa nukta moja unayoijua, kama gati la kuondokea.

Baada ya hapo futa nukta zote zilizo ndani ya mipaka isiyoruhusiwa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia na ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma zina kanda zenye masharti tofauti, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya mbele ya Dar es Salaam ni maeneo tengefu. Programu za simu hazioneshi kanda hizi kwa ukamilifu, kwa hiyo uliza ofisi ya hifadhi, na ofisi ya uvuvi ya wilaya ikueleze habari za leseni. Angalia pia mistari ya mabomba na nyaya: bomba la gesi kutoka Songosongo linapita chini ya bahari kuelekea Somanga, na hakuna samaki anayestahili nanga kutupwa juu yake.

Ukishafika majini

Mwoneshe nahodha nukta zako kabla ya kuondoka, umwite kwa heshima yake na umwulize miamba hiyo inaitwaje. Mwamba wenye jina ni mwamba unaovuliwa, na yeye ataujua kwa alama za nchi kavu, mnazi fulani ukikaa juu ya kilima fulani, kwa usahihi unaoweza kukushinda wewe na simu yako. Nukta yako isiyo na jina kwake ama ni kosa la ramani ama ni hazina, na hapo ndipo kipima kina kinapoamua. Kwenye maji mafupi tumia masafa ya kilohezi 200, na kilindini 50. Kumbuka kwamba mwale wa digrii 20 kwenye kina cha mita 30 unaona duara la mita 10 tu, kwa hiyo pita juu ya eneo kwa mistari sambamba, kama mtu anayelima matuta, badala ya kukata mara moja na kukata tamaa.

Ukipata mwamba, zima injini juu ya maji, upande mkondo unakotokea, uache boti ielee kuupita. Mkondo wa noti 1.5, yaani maili 1.5 za baharini kwa saa, hukusogeza mita 463 kwa dakika kumi, na kwa hesabu hiyo utajua uanzie umbali gani ili chambo kiwe kimefika chini boti inapokuwa juu ya ukingo. Ukilazimika kutia nanga, itie kwenye mchanga pembeni, si juu ya matumbawe, na utoe kamba mara tano hadi saba ya kina.

Kila samaki anaponasa, bonyeza nukta papo hapo, kisha jioni uongeze kina halisi, saa, hali ya maji na aina ya samaki. Nukta zilizokosa usizifute. Ziandikie "hapana kitu, maji yakipwa" ili mwakani usizirudie kwa saa ileile. Faili hilo lihifadhi sehemu mbili kabla ya kupanda basi, maana simu iliyolowa maji ya chumvi inaweza kuzimika kabla hujafika Makambako.